Kilima cha Theluji cha Mtaa wa Msimbazi

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumatatu, 17 Februari 1936.
Asubuhi: mawingu machache, upepo hakuna, mshumaa umepinda wenyewe ndani ya droo.

Kwa Bwana Mhariri,

Baada ya salamu na heshima. Mimi ni msomaji wako tangu nilipomaliza shule Unguja, na sasa ni katibu wa kilima cha theluji cha mtaa huu. Nakuandikia kwa uchungu, lakini kwa adabu, kwa kuwa gazeti lako limekataa wiki tatu mfululizo kuchapa Hali ya Theluji yetu.

Nianze na chanzo. Jirani yangu Elieshi ni mke wa Bwana Eliakimu, muuza maharage wa jumla hapo sokoni. Aliolewa mwaka jana akaletwa kutoka Kilimanjaro. Ndiye anayenisuka nywele na ndiye ninayecheka naye; sina mwingine. Mwezi uliopita tulikuwa barazani tukijipepea kwa vifuniko vya sufuria, akasema, "Azza mwenzangu, nimeikumbuka theluji ya kwetu." Kesho yake nikamkuta anapanga nguo kwenye sanduku la bati. Alhamisi hii anapanda meli ya Tanga, kisha treni mpaka Moshi. Mumewe anasema anakwenda kusalimia tu. Lakini mimi nimeona amepakia mwiko, na mtu haendi kusalimia na mwiko wake.

Wiki ileile gazeti lako likatoa picha ya kijiji kidogo cha Ulaya ambako wenyeji wana kilima chao cha kuteleza kwa mbao. Chini yake palikuwa na maelezo kwa wageni: kina cha theluji, njia zilizo wazi, mbao zinaazimwa wapi, chai inapatikana wapi. Nikaona dawa ya Elieshi imekuja yenyewe. Bwana Hamud, anayeuza sufi ya magodoro, akatuazima ua wa nyumba yake. Tukapanga magunia ya mbata za nazi yakawa mteremko, tukafunika kwa sufi, tukapaka sabuni mbao za masanduku ya chai. Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya:

1. Maelezo yenu yalisema theluji nzuri ni nyeupe, laini na kavu, basi. Hamkusema kwamba inaingia puani. Jumapili ya kwanza watu wa mtaa mzima walipiga chafya mpaka magharibi, na mwadhini naye. Tumesamehe.

2. Kwa kuwa hamkuchapa hali ya tarehe 2, wageni walikuja bila habari. Hali yenyewe ilikuwa hivi: theluji futi mbili, ina mbegu, njia ya juu imefungwa. Bwana Mwinyimvua, mtu mzima, mwenye heshima zake, alikuja na kanzu mpya akapanda njia ya juu. Alishuka kwa sinia, akapita ua, akapita ukumbi, akasimama jikoni kwa jirani yetu Bi Zeina, katikati ya wanawake wanaokuna nazi. Alisema "Hodi" akiwa tayari ndani. Bi Zeina akamjibu, "Karibu, baba, ila mlango uko kule." Habari hii ingezuilika kwa mistari miwili ya gazeti.

3. Karani wako aliniandikia maneno matano: "Dar es Salaam hakuna theluji." Je, alikuja kutazama? Mnachapa mvua ya Tabora bila kulowa, mnachapa bei ya karafuu bila kuinusa. Theluji iliyo mwendo wa dakika chache kutoka ofisini kwenu ndiyo inayotakiwa ushahidi?

4. Kimya chenu kimewapa nguvu wapinzani. Watu wa mtaa wa Mchafukoge wamejenga kilima chao kwa chumvi na kutangaza kwamba chetu kimeyeyuka. Si kweli. Chao ndicho kilicholiwa na mbuzi Jumamosi, upande wa kaskazini wote, na mbuzi hao hadi leo wanazunguka mitaa wakitafuta maji. Naomba mchape pia kwamba kilima cha Mchafukoge kimefungwa kwa sababu ya mbuzi.

5. Kwa kuwa sasa mji una theluji, haifai kuendelea kuhesabiwa miongoni mwa miji ya joto. Naomba gazeti liishauri Serikali iwape makarani mablanketi, ifunge barabara ya Msimbazi kila Jumapili ili tuongeze njia ya watoto, na iwaarifu wale Wazungu wanaokwenda kwao kila mwaka kutafuta baridi kwamba wanaweza kuokoa nauli. Chai ipo, kwa Bi Zeina, lakini waingilie mlangoni.

6. Hili ndilo kubwa. Elieshi hajateleza hata mara moja. Anakuja, anasimama pembeni na kanga yake, anasema, "Mmejitahidi," anarudi kufunga sanduku. Nimefikiri sana, na sababu ninayoiona ni moja: mtu aliyekulia kwenye theluji haendi kilimani bila kwanza kusoma hali yake. Gazeti lako linatoka Jumatano. Meli inaondoka Alhamisi. Ukichapa, atateleza; akiteleza, atakaa. Usipochapa, nitajisuka mwenyewe.

Nisalimie wapanga chapa wote, nyumbani kwako, na hata yule karani.

Ndimi, kwa heshima na kwa subira inayokaribia mwisho wake,
Azza binti Muhiddin,
Katibu.

Nyongeza. Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Elieshi barua hii, apate moyo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "We Azza, nani kakwambia kwetu tunaipanda? Ile tunaitazama." Baba yake hajaigusa, wala babu yake. Asubuhi ukifungua mlango unaiona kule juu ya migomba, kisha wingu linaifunika, watu wanakwenda shamba. Hapa akifungua mlango anaona ghala la Bwana Hamud. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza wiki zote hizi. Akasema, "Mlikuwa mnafurahi mno. Nikadhani ni ngoma yenu ya pwani."

Basi jioni hii tumeijaza sufi yote kwenye magunia, tukayapandisha juu ya bati la ghala na kuyafunika kwa mashuka meupe. Bwana Hamud alilalamika mwanzo hadi mwisho, akiwa ameshika ngazi. Elieshi alisimama mlangoni kwake akituelekeza: kushoto kidogo, juu pawe bapa, hapo hapo. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita mumewe, akamwambia tiketi ya meli airudishe.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, usichape lolote, maana wageni wakija watataka kupanda. Barua naileta hata hivyo, kwa sababu namba tatu bado inaniuma. Kwa kumbukumbu zako tu: theluji ipo, njia zote zimefungwa, wageni wasije.

Nazima taa saa nne na nusu usiku.