Bokoboko Mbele ya Macho Themanini na Tano

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Joto limevunjika, alhamdulillahi! Tangu Aprili, leo ndiyo mara ya kwanza nimezima eisi na kufungua dirisha la jikoni. Upepo wa Khuwair, mtaa wetu hapa Maskati, ukaingia, na mimi nikasema: leo bokoboko. Ngano niliiloweka tangu jana. Kuku nimemtoa mifupa mmoja mmoja. Nimesonga mpaka bega likalia. Samli juu, na kitunguu cha kukaanga, rangi ya asali. Nikakitazama chakula changu mwenyewe, nikaogopa.

Sababu naiandika hapa, maana hapa hapana anayesoma. Bi Balqees wa Qurum anamtaka binti yangu Shatha kwa mwanawe Yaqdhan. Kijana muhandisi, hasemi sana, anasali. Mama mtu anakuja Alhamisi kutuona. Na wifi yangu Kheiria, dada wa mume wangu, keshamtia kwenye kundi letu la simu, lile la kurushiana picha za vyakula. Bi Balqees kaandika kwa heshima zake zote: angependa kuona kwangu, kwa Bi Mahbuba, kunapikwa nini siku hizi za baridi, maana mwanawe hali vya hotelini.

Kundi lina wanawake arubaini na tatu, mimi sijihesabu. Macho themanini na sita. Themanini na tano, kwa kuwa Bi Hajar kafanyiwa operesheni na jicho moja limefungwa.

Shatha ana miaka ishirini na tisa. Posa mbili zimeshavunjika. Na mara zote mbili, wiki ile ile, nilikuwa nimerusha picha ya chakula kizuri kundini. Mara ya kwanza visheti. Mara ya pili pilau. Nisiogope jicho?

Jumapili, 2 Novemba

Nimepata dawa! Watoto wetu tulikuwa tukiwapaka masizi kwenye paji la uso, mtu aone alama asiwasifie akawatia jicho. Basi chakula nacho kipakwe masizi yake. Nimelitia bokoboko kwenye bakuli lenye ufa. Pembeni tambara la kufutia jiko. Nikashusha pazia, nikawasha ile taa ya kuulia mbu. Likawa rangi ya zambarau, kama jeraha. Picha mbaya, mbaya! Nikairusha.

Haikuja hata mashaallah moja. Salama! Kheiria kauliza kama gesi imeniishia. Mwengine kauliza dawa hiyo ni ya kunywa au ya kupaka. Nimesali rakaa mbili za shukrani.

Ishaq, mume wangu, kaiona akaniambia Mama Shatha, soma sura za Falaq na Nnas upige picha kama watu. Nikamwambia nasoma, lakini ngamia pia hufungwa, ndipo mtu akatawakali kwa Mungu. Kasema kumfunga sawa, wewe umemvunja miguu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mkate wa kumimina. Umeumuka kama mto wa bibi harusi. Khofu ikanishika hapo hapo! Nimeubonyeza kwa kidole gumba mara nne, nikaupiga picha.

Shatha kanifuma. Kauliza namuoza au namfukuzia wachumba. Nilikuwa katikati ya Ayatul Kursi, na haikatwi.

Bi Balqees kaniandikia pembeni, si kundini: kwetu kuna mgonjwa? Kama yupo, nisione haya kusema. Nimefurahi mno. Anayekuonea huruma hawezi kukuhusudu.

Jumanne, 4 Novemba

Kheiria karusha supu ya boga. Kaizungushia majani makavu, mekundu na ya manjano. Maskati hii! Mti gani huo unaopukutika? Ya plastiki! Moja bado lina karatasi ya bei. Bi Balqees kampa nyoyo sita. Mimi jana kanipa mikono ya dua.

Kijiba cha roho kikanipanda. Nikaandika: nzuri wifi yangu, imepita kiasi! Na mashaallah nikaiwacha makusudi.

Astaghfirullah. Vidole vilikuwa bado juu ya simu nikajishtukia. Mimi ndiye niliyegeuka jicho! Alasiri yote sikutulia. Nimeisali asri nikasahau rakaa, nikairudia. Baada ya magharibi nikaongeza mashaallah tatu na tabarakallah. Kisha nikampigia Kheiria kuuliza kama bakuli lake zima. Zima. Kauliza nna homa?

Jumatano, 5 Novemba

Kesho ndiyo kesho. Chakula chenyewe kitaonekana, hakitapakwa masizi. Nimemkumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akisema mgeni unayemchelea kwa jicho, kusanya mabaki ya kahawa yake na kokwa za tende alizokula, utie maji, unawie. Jicho linatoka lilikoingilia.

Nimeosha chupa mbili za jamu. Nimeandika majina kwa kalamu nene, nisije nikachanganya: BALQEES. KHEIRIA. Wifi yangu hakualikwa, lakini anakuja.

Ishaq kaziona. Kasema hizi khurafati, na mama yule hajatukosea kitu. Nikamwambia sifanyi. Yarabi nisamehe, chupa ziko nyuma ya pipa la unga.

Alhamisi, 6 Novemba

Lazima niandike.

Bi Balqees kaja baada ya asri na masufuria mawili ya chakula! Kasema kwa upole ameziona picha, ameona jikoni kwetu mambo mazito, na mwenzako ni wa kusaidiwa. Uso wangu ukawaka moto. Kheiria kaziba mdomo kwa mtandio.

Nikaleta bokoboko, sahani zangu nzuri. Bi Balqees kaonja. Kaongeza. Kauliza kapika nani. Nikasema mimi, na Shatha kanisaidia kusonga. Kaongeza tena, kisha kauliza zile picha basi ni za nini. Nikasema simu yangu mbovu. Kheiria karuka: simu ipi, hiyo niliyokuletea mimi zawadi ya Idi?

Lakini tulicheka. Shatha kapita na kahawa na tende, Bi Balqees kamshika mkono, kamuweka karibu yake. Wameondoka kwa dua na mabusu.

Mlango kufungwa, mimi mbio na sinia jikoni. Mabaki ya kahawa chupani. Kokwa kwenye chupa ya BALQEES. Maji. Nimechutama nanawa uso, bismillahi, nikasikia mtu anakohoa. Bi Balqees! Kasahau miwani, na Shatha kamfungulia. Miwani ilikuwa kwenye sinia. Kaiokota. Kaivaa. Kaisoma chupa.

Kasema neno moja tu: kumbe mimi?

Kaondoka. Na mimi maji ya kahawa yananitiririka kidevuni.

Ijumaa, 7 Novemba

Simu kimya. Kumwambia mwanamke mtu mzima kuwa ana jicho! Tena kwa maandishi!

Shatha hakutoka chumbani mpaka adhuhuri. Alipotoka hakufoka. Kaniambia taratibu, mama, wale wawili wa mwanzo hawakuniuma. Huyu nilikuwa namtaka. Akarudi ndani.

Ishaq karudi msikitini, naye hakunilaumu. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Baada ya asri nikatawadha, nikampigia mwenyewe Bi Balqees. Nikamwambia yote: visheti, pilau, masizi, taa ya mbu, macho themanini na tano. Nikamwambia si yeye ninayemuogopa, naogopa mwanangu atazeeka kwangu kwa sababu ya mkono wangu. Nililia mpaka sauti ikakatika.

Nikaita: haloo, Bi Balqees? Nikadhani kakata.

Kisha kauliza kokwa zile zilikuwa ngapi. Nikasema tano. Kasema, Bi Mahbuba, mimi nna sukari. Tende sijatia mdomoni mwaka wa pili huu. Hizo kala wifi yako.

Halafu kacheka. Kacheka mpaka kakohoa, nikamsikia anaomba maji. Kasema jana alikasirika hasa, lakini mama anayemuogopea mwanawe namna hii, huyo mtoto kalelewa. Na kilichomuuma zaidi ni zile picha, maana kukitukana chakula kile ni dhambi. Yaqdhan kakubali. Yeye mwenyewe mama karidhia. Kaniomba kitu kimoja, kuanzia leo tuendeshe mambo waziwazi, tumtegemee Mungu, chakula kipigwe picha kama kilivyo. Nimemuapia.

Shatha kanikumbatia akiwa na machozi. Kokwa nimezitupa. Chupa nimeziosha, zitafaa kwa achari.

Jumamosi, 8 Novemba

Akdi ya ndoa itakuwa Ijumaa, tarehe 5 Disemba, baada ya asri. Bi Balqees kaniachia mimi heshima ya kulitangazia kundi.

Nimetimiza ahadi. Bokoboko jipya, sahani nzuri, dirishani, mwanga wa asubuhi. Limetoka kama mwezi. Nimezihesabu mashaallah: arubaini. Kundi lina watu arubaini na tatu! Hao watatu ni nani, na wananyamazia nini?

Nikakaa nikafikiri. Kiapo changu kilikuwa cha chakula. Tarehe hakuitaja mtu. Basi nimeandika: akdi ya mwanangu Shatha, inshaallah, Ijumaa tarehe 12 Disemba. Macho yakija, yaje yakute mambo yamekwisha wiki nzima.

Wamejibu karibu wote, watakuja. Bi Balqees bado hajaisoma, analala mchana. Mke wa sheikh atakayetuozesha ndiye kajibu wa kwanza: mumewe keshaandika kwenye kitabu chake, tarehe 12, na ile ya 5 aliyokuwa katuwekea sisi kaipa harusi nyingine, ya kijijini Yiti.

Alhamdulillahi. Hata yeye hakushuku.