Nyota Yenye Pua

Apolinari hakuwa mwizi. Neno hilo lilimuudhi sana, na aliwahi kumnunia jirani msimu mzima wa mvua kwa sababu yake. Mwizi, alikuwa akisema, anachukua kitu cha mtu bila kutumia hata tone la mate. Yeye anaongea mpaka mwenye kitu anakileta mwenyewe, tena na asante juu.

Siku hiyo alikuwa Kibamba, ametumwa na mkewe Flaviana kupeleka masufuria kwenye nyumba ya shughuli. Gari ni Mark II nyeupe, na lilikuwa la Flaviana: kadi jina lake, jasho lake, na kioo cha nyuma kimeandikwa kwa herufi nyekundu FLAVIANA PILAU NA SHUGHULI ZOTE, namba ya simu chini yake. Apolinari alikuwa dereva tu, kwa masharti.

"Baba Jesca," Flaviana humwambia kila akimkabidhi ufunguo, "tapeli dunia nzima ukitaka. Ila gari langu likipotea, na wewe potelea hukohuko."

Wakati wa kurudi ndipo alipoliona. Ndani ya ua wenye geti wazi, gari la spoti, njano ya kiini cha yai, limelala chini kama linatafuta sindano iliyodondoka. Kijana mmoja alikuwa analifuta kwa kitambaa, kwa mapenzi ambayo wenzake huwawekea wachumba. Gari kama lile, Kibamba! Njia ya mtaa ule ilikuwa na makorongo ambayo hata mbuzi huyapita kwa kupiga hesabu. Mtu mwenye akili angejiuliza limefikaje pale. Apolinari alijiuliza kitu kimoja tu: limevaa tairi gani?

Akasimamisha gari. Chini ya kiti akatoa shati lake la kazi, la bluu, lenye nembo kifuani: simba aliyekumbatia gurudumu. Nembo hiyo ilishonwa na fundi cherehani wa Tandika, bila kampuni yoyote duniani kuwa na habari.

"Shikamoo mzee," kijana akasema.

"Marahaba, bosi wangu. Na pole sana."

"Pole ya nini tena?"

"Ya hizo tairi."

Kijana, aliyejitambulisha kwa jina la Adelard, akazitazama tairi zake kama mtu aliyeambiwa ana utando wa buibui usoni.

"Zina nini? Mbona bado nzima?"

"Nzima, ndiyo. Hata mimi ni mzima, lakini siwezi kuingia uwanjani kucheza mpira." Apolinari akachuchumaa, akapapasa ubavu wa tairi kama daktari anayepapasa bandama. "Unaona nyota hapa? Huoni. Kiwandani, bosi, hawalifungi gari la spoti tairi yoyote tu. Wanaichukua tairi, wanaijaribu na gari lenyewe: kona, breki, barabara yenye maji. Isipofaa, wanamrudishia aliyeitengeneza, abadilishe mpira. Ikifaa, wanaigonga alama yao, hiyo nyota. Ndiyo tunaita imeidhinishwa na mtengenezaji. Isiyo na alama siyo kwamba ni mbaya. Ila hakuna aliyeipima na gari hili."

Hadi hapo, tumtendee haki, kila neno lilikuwa kweli tupu. Utapeli wa Apolinari ulikuwa kama pilau la mkewe: wali mwingi, nyama kidogo, na nyama yenyewe imefichwa chini.

"Na hizi ukikimbia nazo kwenye mvua," akaongeza, "ni kuchungulia kaburi."

Hapo akatoka ndani mwanamke wa makamo, khanga mabegani, akasimama kizingitini. Alikuwa Demetria, dada yake Adelard. Aliisikiliza ile sauti huku kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hebu rudia, baba," akasema taratibu. "Zimefanywa nini na mtengenezaji?"

"Zimeidhinishwa, mama. Zimeidhinishwa na mtengenezaji."

"Neno tamu hilo. Sasa kwa mtu wa Kibamba, anayetembea mwendo wa kobe, hela yote hiyo ina faida gani?"

"Ajali, mama yangu, haiulizi unaishi wapi."

Demetria akatabasamu. Macho yake yakatoka getini, yakatua kwenye Mark II, yakasoma kioo cha nyuma polepole kama mtoto wa chekechea, kisha akaingia ndani.

Apolinari hakuliona hilo, alikuwa na shughuli. Mpango wake ulikuwa mwepesi mpaka unatia huruma. Angezichukua tairi hizi, azipeleke Mwenge kwa Cyprian mchonga vinyago, Cyprian azichonge nyota, azipake rangi nyeusi zing'ae, kisha yeye amuuzie Adelard tairi zake mwenyewe kwa bei ya mpya. Kazi ya namna hiyo aliwahi kuifanya mwaka jana na dada mmoja wa Kigamboni, kwa simu tupu, akijiita Injinia. Zile zilikuwa kuukuu zimeisha kabisa. Alizipakia kwenye bajaji, hela ikaingia, laini ya simu akaitupa majini. Sura ya mteja hakuijua wala hakuitamani.

Cyprian alikuwa na ubaya mmoja tu: hakuweza kuchonga kitu bila kukitia pua. Nyota zake zote zilikuwa na kipua katikati. "Kisicho na pua hakipumui," husema, na ukibisha anakurudishia kazi yako.

"Nizichukue na ringi zake," Apolinari akasema, "kiwandani kwetu wapime, nikuletee za nyota. Utalipa ukishaziona kwa macho yako. Mimi sipendi hela ya mtu kabla ya kazi."

Adelard akakuna kichwa, akaingia ndani, akarudi.

"Dada anasema sawa, mzee. Ila gari letu likikaa juu ya tofali, na lako likae hapa pembeni lilinde. Dhamana tu. Si unajua watu wa siku hizi."

"Watu wa siku hizi!" Apolinari akasikitika kwa dhati. "Uaminifu umeisha kabisa."

Moyo wake ulisita kidogo, sauti ya Flaviana ikapita masikioni. Lakini shughuli nyingine ilikuwa Jumamosi, na yeye angekuwa amerudi kabla. Akatoa ufunguo. Wakalipandisha gari la njano kwenye tofali, lilikuwa jepesi ajabu, naye akasifu ufundi wa Wazungu. Akakodi kirikuu, akapakia magurudumu manne, akaondoka anapiga mluzi.

Mwenge, Cyprian aliinua tairi ya kwanza, akatema mate upande wa ndani ulioganda tope, akasugua kwa kitambaa. Halafu akacheka mpaka patasi ikamdondoka.

"We Injinia, siku hizi unaniletea kazi niliyokwishaimaliza?"

Chini ya tope, nyota. Katikati ya nyota, pua.

"Hii pua ni yangu," Cyprian akasema. "Si ndiyo zile za yule wa Kigamboni? Kumbe fundi wake alizifunga nyota ndani."

Apolinari alikaa chini juu ya kinyago ambacho hakijakauka rangi. Akapiga namba aliyoachiwa na Adelard. Ikapokewa na sauti ya kike.

"Shikamoo, Injinia."

"Mama, samahani, kuna jambo dogo..."

"Dogo kweli. Mie ndiye yule wa Kigamboni. Ile sauti niliijua kabla sijaona mdomo. Siku ya mvua tairi zako ziliteleza kama zimepakwa mlenda, gari likaingia mtaroni, injini ikanywa maji ikafa. Nilitokea dirishani, viatu mkononi."

"Injini..." Apolinari akakumbuka ule wepesi.

"Niliiuza chuma chakavu, gari likavutwa kwa kamba mpaka Kibamba. Adelard analifuta gari ili nisilie nikiliona. Sasa nimekuachia. Ua tulipanga tu, na leo tumehama. Kadi iko kwenye kiti. Kila kitu kimeidhinishwa na mtengenezaji, ila injini haipo."

"Mama, ile Mark II siyo yangu! Ya mke wangu!"

"Na lile la njano lilikuwa la nani?"

Simu ikakatika.

Njiani kuelekea Tandika, juu ya kirikuu, Apolinari alitunga uongo mzuri kuliko wote wa maisha yake. Akamkuta Flaviana barazani anamenya vitunguu saumu.

"Mama Jesca, nimevamiwa! Majambazi, watatu!"

"Watatu?"

"Wanne. Mmoja mfupi sana, ndiyo maana nilimsahau. Wana mapanga. Wakachukua gari."

"Pole, mume wangu. Na hayo magurudumu?"

Apolinari akayatazama kama amekutana nayo leo.

"Hayo... niliwanyang'anya."

"Wakiwa na mapanga."

"Nilipambana, Flaviana. Unanijua."

"Nakujua," Flaviana akasema, akageuza shingo kuelekea ndani. "Dada Demetria! Njoo usikie, wewe na Adelard mlikuwa majambazi wanne."

Demetria akatokea mlangoni na bakuli la pilau. Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mfenesi, kile kioo chenye herufi nyekundu kilikuwa kinang'aa.

"Amenipigia namba ya kwenye kioo, akaniletea gari mpaka hapa," Flaviana akasema. "Hata petroli ametia. Kuanzia leo ataniendeshea yeye, na nusu ya faida ya shughuli ni yake mpaka afidie injini. Wewe umebeba nini?"

Apolinari akachuchumaa kando ya magurudumu, akaanza kuyapapasa moja moja.

"Basi usihuzunike, baba Jesca. Gari lako liko Kibamba, na tairi unazo. Kalivishe."

Mpaka leo, ukipita Kibamba, utamkuta mzee mmoja mwenye shati la bluu ameegemea gari la njano, anafuta vumbi. Analiuza. Anaongea vizuri mno, na wateja hawakosekani. Ila ukimuuliza habari za injini, anachuchumaa, anapapasa ubavu wa gurudumu, na anaanza kukueleza habari za tairi.