Jogoo wa Mama Mkwe na Sabuni ya Bure

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya mama mkwe!

Asubuhi nilimpokea stesheni akitoka Urambo. Alikuwa hajawahi kufika kwangu, mtaa wa Mtendeni, tangu nimwoe binti yake. Uani kulikuwa na jogoo mmoja tu, amefungwa mguu, akimsubiri yeye. Bila jogoo yule mimi si mkwe, ni mpangaji.

Nikamwacha barazani na mke wangu, nikakimbilia duka la ushirika kutafuta sukari. Nilikuwa na kadi! Wiki iliyopita mtu mmoja alipita mtaani akijitambulisha kuwa Mzaramo, yaani mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani. Alinipa kipande cha sabuni bure, na kadi ya Klabu ya Nafuu: mwanachama anauziwa kila kitu kwa bei ya chini, duka lolote.

"Ila ukipokea sabuni, mtani, kila mwezi nachukua jogoo!"

Akacheka. Majirani wakacheka. Nami nikajibu kwa sauti, "Chukua hata na mke!" (Mimi ni mwalimu, nina shahada ya uchumi. Endeleeni tu kusoma.)

Muuzaji aliigeuzageuza kadi. "Klabu hii siijui. Na hata ningeijua, ndugu, nikupunguzie nini? Rafu ndizo hizo."

Rafu zilikuwa tupu. Foleni nzima ikacheka.

Kufika nyumbani, nasikia jogoo analia kama anayeaga. Mtani yuko uani, jogoo kwapani!

"Mwachie huyo," nikanong'ona. Mama mkwe yuko hapo hapo barazani.

"Mwezi umeandama jana, mtani."

"Lakini ulikuwa utani!"

"Kama ni utani, mtani hanyimwi kuku. Kama si utani, ni makubaliano, na ulikubali mbele za watu. Chagua."

Nilichagua kutoka jasho. (Jumamosi tu niliwahutubia watu wa tawi letu la chama juu ya kupe na unyonyaji. Walinipigia makofi.)

Nikajaribu ukali. "Mimi sikukubali chochote!"

Hapo jirani yetu Bi Zuhura akachungulia juu ya ua. "Mwalimu, usikane! Sote tulikusikia. Ulimwambia achukue hata na mke!"

Mama mkwe akageuka polepole. Mke wangu hakugeuka kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kumbe," akasema mama mkwe, "binti yangu ni nyongeza."

Jogoo akaenda zake. Mchana mama mkwe akaandaliwa ugali kwa mlenda. Aliponawa, akanusa viganja vyake.

"Sabuni hii inanukia. Mmeipata wapi?"

"Tumepewa bure, mama," akajibu mke wangu, macho kwangu.

Basi chekeni polepole, jamani. Mwezi utaandama tena, na jogoo mwingine sina. Nimebaki na mke.