Neno la Mzizi

Gazeti lilikuwa la wiki iliyopita, lakini kwa Donatus, ambaye kijiwe kizima kilimwita Redio, habari haikuwa habari mpaka aisome yeye. Alilikunjua, akakohoa, akatangaza:

"Sikilizeni! Ikifika mwaka elfu mbili kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa. Zitadhani tumerudi mwaka elfu moja mia tisa."

"Si miezi michache tu ijayo?" Selestine, muuza kahawa, alisimamisha birika hewani. "Ina maana tunarudishwa kwa Mjerumani?"

"Mimi kodi yake ya kichwa silipi," alidakia Mageni. Huyu walimwita Duara, kwa ajili ya duara lake la dhahabu, shimo lililomaliza ujana wake bila kutema hata punje ya kujaza ukucha. Alielekeza kidevu kwenye duka la karatasi na uchapaji la Kantaben. "Na kompyuta ya Mama Nikhil haikungoja elfu mbili. Barua yangu ya kamati ya wachimbaji imeingia humo ng'ombe wakiwa zizini. Wamekwenda malishoni, wamekunywa maji, wamerudi. Barua bado imo tumboni!"

Nikhil, mtoto wa Kantaben, aliyasikia yote. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, mikono kichwani. Jana mama yake alimwambia mbele ya wateja: mashine isipopona leo, inauzwa, na yeye anapanda basi kwenda Kishapu kwa mjomba wake kupima pamba. Nikhil aliipenda ile kompyuta kuliko chakula. Vumbi la pamba lilimbana kifua kwa kulifikiria tu.

"Bhebhe Nikhil," Duara aliita kwa Kisukuma, "umemlisha nini huyo mnyama?"

"Shikamoo, mzee Mageni. Sijamlisha kitu. Niliweka Linux mpya juu ya ile ya zamani."

"Lina nani?"

"Linux. Ndiyo inayoiendesha mashine."

"Huyo Lina wa zamani alikuwa na kosa gani?"

"Hakuwa na kosa. Alikuwa mwepesi sana."

"Ukamletea mke mwenza!" Duara alipiga paja. "Halafu unashangaa kazi haziendi!"

Kijiwe kikaangua kicheko. Nikhil naye alicheka kidogo, bila kupenda, akasogea kwenye benchi. "Huyu mpya ana mapambo, mzee. Picha, vivuli, kila dirisha linafunguka kwa madaha. Na kumbukumbu ya mashine ni ndogo. Ikijaa, inahamishia vitu kwenye diski, kisha inavirudisha, kisha inavihamisha tena."

"Nimekuelewa," alisema Redio. "Umepanga chumba kimoja, ukanunua makochi. Ukitaka kupika unatoa kochi nje, ukitaka kulala unalirudisha."

"Hapo hapo!"

"Sasa si uyatoe hayo makochi?"

"Siwezi. Kuyatoa lazima niingie kama mzizi. Mzizi ndio wenye mamlaka yote. Na una neno lake, nimelisahau."

Selestine aliweka birika chini. Redio alikunja gazeti. Nikhil aliona amekosea mahali, ila hakujua ni wapi.

"Kumbe," Duara alinong'ona, "duka lina mzizi."

"Kila mashine ya Linux ina mzizi, mzee."

"Anakiri!" Redio alisimama. "Mimi nilisema siku nyingi! Duka la karatasi! Hapa Geita nani anakula karatasi? Mbona halifungwi?"

"Mmeuzika wapi?" Duara aliuliza. "Kizingitini?"

"Hauzikwi. Uko ndani ya mashine."

"Ndiyo maana inanguruma! Na aliyewapa ni mganga wa wapi?"

"Si mganga. Umetoka Ulaya, kule kwenye barafu."

"Loo," alisema Selestine. "Mizizi ya kule haiozi."

"Na neno amelisahau!" Redio alishika kiuno. "Kijana, mzizi bila neno unamgeukia mwenyewe. Mjomba wangu kule Bariadi ulimgeukia, mpaka leo akiona mgeni anabweka."

"Wazee, ni neno la kuingilia tu! Nilichagua neno ambalo hata mama hawezi kulibahatisha. Sasa na mimi silibahatishi."

Kantaben alitokea mlangoni na karatasi moja mkononi. "Mzee Mageni, barua yako, pole kwa kukaa. Ndiyo ya mwisho. Nikhil, nenda ukafunge nguo zako."

Duara aliinuka, akaipokea barua kwa mikono miwili, akapinda magoti kidogo. "Wabeja, mayu. Wabeja sana."

Nikhil aliruka kama aliyekalia siafu. "Wabeja! Ndilo! Ndilo neno lenyewe!" Akampita mama yake mbio, akaingia ndani.

Kijiwe kikajazana dirishani. Kidole kimoja baada ya kingine, Nikhil aliandika shukrani ya Kisukuma, na mzizi ukamfungulia. Akatoa picha, akatoa vivuli, akarudisha madirisha ya zamani, akaizima mashine na kuiwasha tena. Muda si muda printa ikaanza kupiga kelele. Kantaben alichukua ukurasa, kabla hajaumaliza ukatoka mwingine, na mwingine. Alisema kitu kwa Kigujarati, kisha akageukia dirishani kwa faida ya wote:

"Haya. Kishapu watapima pamba yao wenyewe."

Nikhil alitoka nje jasho likimtiririka, meno yote nje. "Wazee wangu, wabe..."

Duara alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza wewe! Unalimwaga!" Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Jamani, ndiyo maana sisi Wasukuma hatutajiriki. Neno la mzizi tunalo, tumezaliwa nalo, na tunampa bure hata mtu aliyetusogezea kigoda!"

Walikaa wakihesabu hasara. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, na jioni ile Selestine akakusanya vikombe vyote bila kushukuriwa na mtu.