Mjukuu Wangu Hajui Kudaka

Jumatatu, 8 Agosti 1966

Naogopa. Mwanakuu, anza na hilo. Liandike kubwa.

Mjukuu wangu Zein kachaguliwa golikipa wa Kenya. Si wa Kibokoni, si wa Mombasa. Wa Kenya nzima! Wageni watoka Uganda, watoka Tanzania, watoka Zambia, wote waja hapa kisiwani kugombea kombe, na mpira wenyewe wachezwa ndani. Ndani ya nyumba! Ukumbi wa huko Ganjoni, sakafu ya mbao, watu watano huku na watano huku. Nilidhani Zein anifanyia mzaha. Wanaume wajifungie ndani wachezeane kama sisi wanawake tulivyokuwa tukicheza ngoma ya lelemama? Kasema ni mpira wa kisasa, mdogo, mzito, haurukiruki, na ukikupiga tumboni utamwita mamako. Mamake ndiye huyu aniandikia. Acha kucheka, Mwanakuu.

Mume wake Mwanakuu, mwanangu wa kumzaa, ndiye babake Zein. Alipanda meli akasema anakwenda mara moja. Zein alikuwa hajaota meno. Tangu hapo ni salamu za kuletewa na watu, leo yuko Hamburg, kesho haijulikani. Basi mimi nina huyu Zein tu. Lazima niogope.

Na hatari yenyewe i ukuta kwa ukuta nasi. Jirani yangu Nana. Jicho la Nana mji wote walijua. Alilisifu birika la shaba la marehemu dada yangu, likatoboka. Alizisifu ndevu za Maalim Aidarus, zikapukutika upande mmoja, mpaka leo akipita hapa hugeuza shavu lenye ndevu. Na golikipa wa akiba ni nani? Faraj, mjukuu wa Nana! Zein akitegua kidole tu, Faraj yumo golini. Sasa nambie, Nana atapata usingizi?

Leo kaja barazani. Kauliza hali, nikasema njema. Za nyumbani, njema. Za watoto, njema. Nikajua tu anakokwenda. Kasema, ewe Bi Mwanakhamis, mjukuu wako ana mikono mizuri. Hakusema mashaallah! Nikamngoja. Nikamtolea macho. Nikakohoa kumkumbusha. Wapi! Kajifunga buibui lake akaenda zake.

Nimefukiza ubani mpaka watu wa ghorofani wakateremka na ndoo za maji.

Jumanne, 9 Agosti

Nimepata njia! Ni ya zamani, mamangu aliitumia kwangu. Kitu chako ukikiogopea jicho, kitie ila, kasoro, mapema. Mtoto mzuri mwite mbaya. Jicho likija lione hapana cha kutamani, lipite. Mimi nilikuwa nikiitwa sura ya kaa mpaka siku ya harusi. Marehemu mume wangu aliponifunua ushungi alipiga kelele kwa furaha, masikini, yeye alikuwa amejitayarisha kwa kaa.

Basi nimezunguka. Kwa muuza kahawa nimesema Zein haoni, jua likipungua huparamia kuta. Kwa mshona kofia nimesema mikono yamtetemeka, hata kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili. Sokoni nimemwambia Mbeyu, yule muuza nazi, kuwa Zein ana pumu na hajui kudaka, alichaguliwa kwa kuonewa huruma tu. Mbeyu kajishika kifua. Kanipa malimau nimpelekee mgonjwa. Nimeyapokea, ningefanyaje?

Miguu yaniuma lakini moyo umetua kidogo. Mwanakuu asema nimezidisha. Kinga haizidi, mwanangu. Andika.

Alhamisi, 11 Agosti

Tumekwisha.

Jana Kenya imecheza na Zambia, na Zein hakuingia. Kawekwa benchi! Aliyedaka ni Faraj. Wametoka sare.

Kumbe yule Mbeyu wa nazi ni shemeji yake Bwana Kitsao. Bwana Kitsao ndiye mwalimu wa timu, mtu wa Kaloleni, mpole sana, asali. Mbeyu kampelekea habari zote kwa huruma, na machozi juu. Kitsao akenda kuuliza mjini kama ni kweli. Kwa muuza kahawa, kweli. Kwa mshona kofia, kweli tena, na yeye kaongeza kuwa Zein huanguka kifafa. Mimi sikusema kifafa! Watu wa mji huu waongo sana.

Basi Kitsao kamshika Zein bega, kamwambia kijana, afya ni bora kuliko mpira, nenda hospitali ukapimwe macho na kifua. Zein kapimwa. Daktari kasema hana kitu. Kitsao kasema wagonjwa wengi huficha.

Zein kaja nyumbani hakugusa chakula. Wali wa nazi, na samaki wa kupaka, hakutia hata tonge. Kauliza, nani adui yangu katika mji huu? Nani alienizushia? Mwanakuu akanitazama. Mimi nikatazama boriti za dari. Nikasema dunia ina watu wabaya, mjukuu wangu.

Akijua ni mimi je?

Ijumaa, 12 Agosti

Nina dawa nyengine. Hii haikosei.

Ikiwa kumtia ila Zein kumemkinga mpaka kukapita kiasi, basi nimsifu Faraj. Nimsifu waziwazi, bila mashaallah hata moja! Jicho la mji mzima limgeukie yeye. Si kwamba nataka aumie, Mungu apishe mbali. Ukucha tu. Au tumbo la kuendesha.

Nikarudi njia ile ile. Kwa muuza kahawa nikasema Faraj ni simba. Kwa mshona kofia nikasema Faraj ana mikono kama milango ya ngome ya Fort. Kwa Mbeyu nikasema tangu nizaliwe sijaona kijana mrefu vile.

Kasheshe! Nana kasikia. Kaja kwangu mbio, kanikumbatia, kalia. Kasema miaka yote alinidhania mimi ni hasidi. Mimi! Mimi hasidi! Kaniletea sinia la vileja. Vizuri, sikatai, ila iliki kidogo.

Na Kitsao naye kasikia. Kasema ikiwa hata nyanyake Zein amsifu Faraj, basi Faraj ni moto kweli. Leo na Uganda kamwingiza tena. Faraj kadaka kila kitu! Kadaka vya juu, kadaka vya chini. Kenya imeshinda. Hakuumia hata ukucha. Tumbo lake kama la mbuzi.

Zein alikuwa benchi kashikilia taulo za wenziwe.

Karudi kaketi ngazini. Kasema taratibu, kama mtu aulizaye bei ya sukari, kuwa Jumapili ni mechi ya mwisho, na Tanzania, na asipocheza atarudisha jezi na kujiandikisha melini. Kilindini kuna meli yataka mabaharia. Mwanakuu kaangusha upawa.

Meli! Kama babake. Nimeingia chumbani, nimejifunika shuka gubigubi na joto lote hili. Sina mpango wowote. Nakiri hapa. Sina.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimekwenda Ganjoni mwenyewe. Nimevaa buibui, nimemshika Mwanakuu mkono, tukatembea. Njia nzima nasoma Ayatul Kursiy, nikifika kati naisahau, naanza tena.

Tumemkuta Kitsao afagia ukumbi. Mwalimu wa Kenya, afagia! Kaweka ufagio, kanipa shikamoo, kaniletea kiti. Nikasema marahaba, nimekuja kwa ajili ya Zein. Kasema, naam mama, nakusikiliza.

Nikafungua kinywa nimsifu mjukuu wangu. Nilikuwa nimejifundisha njiani. Macho yake mazima, kifua chake kizima, mikono haina mfano. Kinywa kikakataa! Nikahisi kama Nana yuko nyuma ya mlango. Nikahisi nikilitamka tu, Zein ataanguka huko aliko. Nikasema, Bwana Kitsao, huyu kijana... huyu kijana na masikio pia hayasikii vizuri.

Mwanakuu kanifinya mpaka nyama.

Nikajaribu tena. Nikasema, na ni mvivu.

Kitsao kakunja uso. Kasema, pole sana mama, sasa umekuja kuniomba nimtoe kabisa kwenye timu?

Hapo nikalia. Nilie nisilie? Nikamwambia yote. Nikamwambia jicho, Nana, birika, ndevu za Maalim, kaa. Nikamwambia Zein hana hata mafua, na asipocheza ataingia melini, na mimi sitamuona tena kama nisivyomuona babake. Nikasema niadhibu mimi, mpige mimi na huo ufagio.

Kitsao kaniangalia. Kisha kaanza kucheka. Kacheka mpaka kaketi juu ya mpira. Kasema mamake huko Kaloleni alifanya yayo hayo. Akitangaza kijiji kizima kuwa Kitsao ni zuzu, mpaka padri wa shule akamkataa, babake akalazimika kupeleka mbuzi kumthibitishia padri kuwa mtoto ana akili. Kasema, mama, wewe na mamangu mngekuwa timu moja, magoli yote mngejifunga wenyewe.

Kasema Zein atacheza. Na Zein hataambiwa. Sharti moja tu, nisimtaje Zein kwa mtu yeyote, kwa zuri wala kwa baya, mpaka mechi iishe. Nimeapa. Ulimi umekuwa mzito tangu hapo, hata kumuagiza Mwanakuu chumvi nimeogopa.

Jumapili, 14 Agosti

Wanawake tuliketi roshani, juu. Na nani kaja kuketi ubavuni kwangu, mapaja kwa mapaja? Nana. Sasa sisi mashoga! Na Faraj wake yuko benchi, taulo ni zake leo. Nana kanuna. Kamkazia Zein macho hayo yake, hapepesi.

Nikamwambia karibu kaimati.

Nilikuwa na bakuli zima, za kukaanga na shira. Nilijua. Kila Zein akidaka, Nana afungua kinywa, mimi natia kaimati. Zein karuka kushoto, Nana kavuta pumzi, kaimati. Zein kapangua kwa mguu, kaimati. Nana kasema kwa shida kuwa ameshiba. Nikasema kula shoga yangu, umekonda. Zein kadaka tena, nikamtilia mbili.

Mchezo huu si wa wazee. Wapigana kwa mpira kama paka jikoni, ukuta u karibu, goli li karibu, huna hata pa kupumulia. Kenya imefunga moja. Wakati umekaribia kwisha. Mtu wa Tanzania kaanguka mbele ya goli, refa kapiga filimbi. Penalti!

Nikatia mkono bakulini. Bakuli tupu. Shira tu.

Yule wa Tanzania kaweka mpira. Zein katanua mikono. Na Nana, kinywa kimebaki wazi, kasema kwa sauti ya kumfikia mtu wa barabarani: mikono ya kijana huyu ni mizuri!

Bila mashaallah!

Mimi nikasimama. Nikapiga ukelele kwa nguvu zote alizoniachia Mungu. MASHAALLAH! Ukumbi mzima ukageuka. Refa kageuka. Zein kainua uso kutazama ni nani aliepandisha mashetani, na hapo hapo mtu wa Tanzania kapiga.

Mpira umempata Zein shavuni. Paa! Ukatoka nje.

Imekwisha. Kombe letu. Watu wamembeba Zein juu juu, damu ya pua yamtoka, acheka. Mimi nilikuwa nimeshaketi chini tena, sikuona, nimejifunika uso kwa buibui. Mwanakuu ndiye aliyenambia, na yeye alia. Nana kanigusa bega, kasema, umeona, hata shavu lake zuri.

Karudi nyumbani shavu limevimba mpaka jicho limefunga. Alhamdulillahi! Ila imepatikana yenyewe. Kala sahani tatu. Habari ya meli hakuitaja. Kaniuliza kama ni mimi niliyepiga ule ukelele. Nikasema ni Nana.

Jumatano, 17 Agosti

Habari mpya, nzito. Kitsao kaja barazani leo. Vijana wawili wa timu watapelekwa Misri mwaka mmoja wajifunze ukocha, kisha warudi hapa hapa wafundishe. Warudi! Mmoja huenda akawa Zein. Ila Ijumaa yuaja bwana mkubwa kutoka Nairobi, atapita mtaani kuuliza wazee na majirani tabia ya kijana.

Kayasema haya kwa sauti, barazani, na dirisha la Nana li wazi! Nana katoa kichwa. Kasema, huyo Zein Mungu kampa bahati kubwa. Akafunga dirisha.

Hilo tu. Akafunga.

Kitsao kanitazama, kaweka kidole mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa. Mwanakuu, kwa kuwa hana imani, kanifichia buibui langu.

Mwaka mzima katika nchi ya watu, na neno la Nana juu yake? Nimeazima buibui la ghorofani, lanipwaya, lafagia njia. Nimepita kwa muuza kahawa, kwa mshona kofia, kwa Mbeyu. Sikusema mgonjwa. Ugonjwa nimeuacha, nimeona matokeo yake. Na huyo bwana atauliza tabia, hatauliza afya. Nimewaomba, akija, wamwambie Zein ni mwizi.

Mwizi mdogo tu, wa kumkinga.

Mwanakuu, mbona kalamu imesimama? Andika. Mdogo.