Meno ya Mjomba Kibwana Kongamanoni

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Kongamano la kisayansi la idara ya meno ni keshokutwa. Wataalamu watajaa, na sisi wahitimu wa zamani. Profesa Raya, aliyetufundisha, atachagua mmoja wetu aje kufundisha chuoni kila Jumanne. Nafasi moja tu. Naitaka mpaka chakula hakipiti.

Tatizo ni Godlisten, niliyesoma naye darasa moja. Ana kliniki Dodoma na mashine inayochonga meno kwa kompyuta. Ataleta slaidi za kung'aa. Mimi namleta mjomba Kibwana kutoka Kinole. Meno yake ya mbele ni ya bandia, nilimtengenezea mwenyewe, kwa mkono. Atatafuna muwa jukwaani, watu wakiona. Slaidi haitafuni muwa!

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepanda mlima hadi Kinole. Shikamoo, marahaba, chai, mihogo. Mjomba amekubali, ila apewe kiti cha mbele. Nikaanza kumweleza atakavyotafuna. Akauliza tangu lini mpwa anamfundisha mjomba kula. Nikachukua mhogo mwingine. Kwetu Waluguru mjomba haelekezwi.

Tulipomaliza kula akaingia ndani, akatoka amevaa meno. Safi, hata doa la chai hayana. Kazi yangu hiyo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Aibu. Godlisten alimaliza, makofi mengi. Zamu yangu. Nikampa mjomba kipande cha muwa. Akausalimia ukumbi, akavua meno, akayafunga kwenye leso, akatia mfukoni. Kisha akaushambulia muwa kwa magego yake ya kuzaliwa.

Nikamnong'oneza ayarudishe. Akaniuliza, kwenye kipaza sauti, kama nina akili timamu. Hayo ni meno ya kutokea, ya harusi na Idi. Nani analima na kanzu? Mjomba habishiwi mbele za watu. Nikabaki nimeshika kisu cha kumenyea. Godlisten alicheka mpaka akavua miwani. Nilitaka kulia.

Profesa Raya akasimama. Akauliza nani kati yetu amewahi kumuuliza mgonjwa wake kama anakula kwa meno aliyompa. Godlisten akavaa miwani. Profesa akasema huo ndio utafiti anaoutaka, na tutaufanya sisi wawili, mimi na Godlisten, na Jumanne tutagawana. Nusu ya nafasi! Nimefurahi kupita kiasi. Mjomba ameomba muwa mwingine.

Jumapili, 19 Oktoba

Godlisten amepiga simu, mpole, anaomba tushirikiane. Nimekubali. Anaandaa maswali ya kuwauliza wagonjwa. Aandae tu. Jumanne wanafunzi wataona mtu mzima akila hindi la kuchoma, na Jumanne zote zitakuwa zangu.

Safari hii ni shangazi Mosi wa Matombo, niliyemtengenezea meno ya juu na chini. Nimempigia. Amefurahi mno. Anasema nisiwe na wasiwasi, meno yapo salama sandukuni, kwenye kanga zake mpya, hayajaguswa tangu nimpe.

Mtunzaji kweli. Godlisten amekwisha.