Neno Langu la Siri ni Shoka

Jumatatu, 4 Machi

“Mteja mpya, usimwambie mtu yeyote neno lako la siri, hata ndugu wa tumbo moja.” Kijitabu cha kampuni ya intaneti, ukurasa wa kwanza, ushauri wa kwanza. Nimeusoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi. Huu ni woga uliopigwa chapa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hawakuwaondoa wenye kompyuta. Nimemsomea mke wangu hoja hiyo akiwa kwenye cherehani. Akasema, bila kuinua macho, kwamba anayeutembeza sokoni naye hazai, anakamatwa. Hilo sikuliandika kwenye makala.

Ushauri wa pili: ukiwa kwenye intaneti simu haifanyi kazi, wajulishe watu wa nyumbani wasinyanyue mkonga. Nimemjulisha. Amenyanyua mara tatu. Anasema ana bibi harusi wa kumpigia kuhusu gauni, na bibi harusi hangoji modemu. Modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, inanyamaza, naanza upya.

Na mimi nina jambo zito. Mwandishi wa safu ya ukurasa wa sita amestaafu. Mhariri amebakiza watu wawili: mimi, na mwenye duka la dawa ambaye mtaa mzima unamwita Miwani. Kesho kila mmoja anachapishiwa makala moja. Kisha wasomaji wamwandikie mhariri kwa barua pepe, mwisho Ijumaa saa sita mchana, waseme nani apewe safu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mtu wa ukurasa wa barua za wasomaji, pale chini, juu ya matangazo ya magodoro. Safu ile ni yangu.

Kikwazo kimoja: watu wangu ni watu wa kawaida, hawana akaunti. Dawa yake nimeipata. Makala imetumwa, jaribio la nne.

Jumanne, 5 Machi

Imetoka! Kichwa: “Dhidi ya Siri.” Mwisho wake nimeusoma kwa sauti mara kadhaa: “Mimi sina cha kuficha. Akaunti yangu ni mchokozi. Neno langu la siri ni shoka, kwa herufi ndogo. Asiye na akaunti aingie kwa yangu, amwandikie mhariri atakavyo.” Kijitabu nimekiaibisha, na wafuasi nimewafungulia mlango. Kwa pigo hilohilo.

Miwani ameandika kuhusu kuhifadhi dawa nyumbani. Aya sita za joto na unyevu. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Akaisoma yote, amesimama. Kisha akaenda kuitoa chupa ya dawa ya kikohozi dirishani akaiweka kabatini.

Jumatano, 6 Machi

Siwezi kuingia. “Akaunti inatumika.” Nimejaribu mara kumi na moja tangu asubuhi. Furaha tupu. Watu wangu wanaandika.

Alasiri nikapiga simu huduma kwa wateja, nijue tu mambo yanakwendaje. Mama mwenye sauti tulivu akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayelijua neno langu la siri. Nikamwambia mji mzima. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema akaunti moja huingiza mtu mmoja kwa wakati mmoja, ndio ushauri wa tatu, baba. Nikamwambia huo wa tatu nao nitaushughulikia. Akasema anaweza kulibadilisha neno sasa hivi, dakika haiishi. Nikamjibu kubadilisha ni kukiri kosa. Akasema haya, baba, ila leo watu wako wote wameingia kwa simu moja tu. Akanisomea namba.

Namba hiyo naifahamu. Imeandikwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda duka la dawa, nikijikohoza. Hali niliyoikuta haielezeki, nitaieleza.

Miwani ameigeuza kompyuta yake ya kuhesabia dawa ikawatazama wateja. Ameweka kiti, mto juu ya kiti, na karatasi ya foleni. Wanaongojea dawa wanakaa na kuandika kwa akaunti yangu. Mkunga mstaafu alikuwa anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Nikachungulia. “Mheshimiwa Mhariri, huyu kijana wa dawa ndiye aliyeniponya mguu.” Nikamwuliza kwa upole kama ameisoma makala yangu. Akasema ndiyo, mwanangu, ndiyo iliyotuleta, umefanya jambo la maana sana kutufungulia sisi tusio na kitu, Mungu akuzidishie. Fundi viatu nyuma yake akasema hapo umetuweza, bwana. Nikashukuru. Ningefanya nini?

Miwani akaja na tabasamu lake la kupimia shinikizo la damu. Akasema hajamwambia mtu aandike nini, ila kukataa ukarimu wa jirani ni utovu wa adabu, na wagonjwa wanakaa tu wakitazamana. Nikadai nafasi kwenye kiti. Akanionyesha karatasi: wa kumi na nne. Nikamwambia akaunti ni yangu. Akasema hilo hakuna anayelipinga, lakini yule dada mwenye tumbo amewahi. Kila mtu akamtazama yule dada, kisha akanitazama mimi. Nikakaa.

Amefunga duka nikiwa wa nne. Amenipa vidonge vya kikohozi na maelezo ya kuvihifadhi.

Ijumaa, 8 Machi

Mkakati mpya. Asubuhi nimetunga barua tano za kuniunga mkono: moja ya mkulima, moja ya mjane, mbili za wanafunzi wa sheria, moja ya kasisi. Ya mjane imenitoa machozi. Huu si udanganyifu. Watu hawa wapo, ila hawajajitokeza.

Nimemwomba mke wangu asiguse simu. Akaapa. Saa tano na nusu modemu ikalia vizuri, ikashika, na ikaja sentensi moja: saa zako ishirini za mwezi huu zimekwisha. Leo tarehe nane! Nimefungua kijitabu. Ushauri wa nne: angalia saa zako mara kwa mara. Kwa nini jambo muhimu hivi wameliweka la nne?

Nikakimbia na karatasi zangu hadi ofisi ya gazeti. Saa sita na dakika nne. Mlinzi akasema mhariri anasoma barua na asisumbuliwe, kwa sababu anacheka sana.

Jumamosi, 9 Machi

Safu amepewa Miwani. Barua thelathini na moja kwa tatu.

Hilo ningelivumilia. Lakini zile thelathini na moja zote zimetoka kwenye anwani yangu, na mkunga na wenzake hawakuweka majina. Mhariri ameandika ukurasa wa kwanza kwamba katika kazi yake yote hajaona mshindani mwenye moyo kama wa Mchokozi, aliyemsifu mpinzani wake mara thelathini na moja, akashukuru kuponywa mguu, na hatimaye akaeleza jinsi ujauzito wake unavyoendelea vizuri. Mke wangu ilibidi atoe pini mdomoni kwanza, ndipo acheke.

Kati ya zile tatu zilizonitaka mimi, moja imenukuliwa: “Mpeni safu, ili awe na pa kusemea na nyumbani tupumzike.” Imetoka kwenye duka la vitambaa. Nimemwuliza mke wangu ni nani huyo. Alikuwa amekwisha kurudisha pini mdomoni, sikumsikia vizuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari. Kosa ni la kijitabu. Kimewatia watu woga mpaka hawathubutu hata kusaini majina yao. Nimenunua saa nyingine ishirini, na tangazo nimelibandika mwenyewe kwenye mlango wa duka la dawa. Nalinakili hapa:

“Ninyi thelathini na mmoja. Mlipita mlango wangu, sasa onyesheni uungwana. Kabla ya Jumatano saa sita mchana kila mmoja wenu amwandikie mhariri upya, athibitishe kwamba mimi si mjamzito, na adai kura irudiwe. Akaunti ni ileile. Neno la siri ni lilelile. Ingieni.”